Kati ya Kikao na Masjala: Mhadhara juu ya Kuhuisha Nyaraka za Kampuni

(Mhadhara huu ulitolewa jijini Mwanza mbele ya wafanyabiashara, wahasibu, mawakili na wanafunzi wa sheria. Umechapwa karibu kama ulivyosemwa.)

Najua somo nililopewa halina mvuto wa mpira wala wa siasa. Mwenyekiti alipolitaja niliona wawili watatu wakitazama saa, na siwalaumu. Habari za fomu za BRELA, masjala yetu ya kampuni, hazijawahi kumkosesha mtu usingizi, mpaka siku benki inapokataa sahihi yake.

Kusudi langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba mabadiliko ya kampuni hufanyika mahali pawili: kikaoni, ambako wenye kampuni hukubaliana, na masjala, ambako dola huandika walichokubaliana. Migogoro mingi tunayoiona mahakamani na kwenye meza za mabenki huzaliwa katika muda uliopo kati ya mahali hapo pawili. Nitazungumzia zaidi sheria ya Tanzania Bara, kwa sababu ndiyo inayowahusu wengi wenu. Wenye kampuni Zanzibar wakumbuke kwamba wao wana sheria yao na masjala yao, Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, na cheti cha upande mmoja hakiishi moja kwa moja upande wa pili. Kenya nitaichungulia inapobidi.

HOJA YA KWANZA: Kujitangaza ndiyo bei ya kinga

Kampuni yenye ukomo wa dhima ni upendeleo mkubwa. Ukinunua hisa za shilingi milioni moja, na kampuni ikafilisika ikidaiwa bilioni, wewe umepoteza milioni yako basi. Nyumba yako haiguswi, ng'ombe wako hawaguswi, maadamu hukumdhamini mtu wala hukufanya ulaghai. Upendeleo huu haukushuka kutoka mbinguni. Katika desturi ya Kiingereza, ambayo ndiyo iliyozaa sheria yetu, Bunge lilianza mwaka 1844 kwa kuruhusu kampuni ziundwe kwa kuandikishwa tu, badala ya kungoja hati ya mfalme au sheria maalumu ya Bunge. Ukomo wa dhima ulifuata mwaka 1855. Mwaka 1856 zikaja nyaraka mbili ambazo hadi leo tunaziambatanisha: hati ya kuunda kampuni, inayoitambulisha kwa walio nje, na kanuni za kampuni, zinazoiongoza kwa ndani. Siku hizi tunaziita kwa pamoja katiba ya kampuni, na wenzetu maofisini huziita kwa kifupi MEMART.

Tazameni mfuatano huo. Kuandikishwa kulitangulia, kinga ikaja baadaye. Mtu anayeikopesha kampuni hawezi kumshika mwenye hisa, kwa hiyo angalau ajue anamkopesha nani: jina lake, ofisi yake ilipo, mtaji wake, na watu wenye mamlaka ya kutia sahihi. Hayo ndiyo malipo ambayo dola iliyadai. Kwa sababu hiyo mimi husita sana ninaposikia mfanyabiashara akisema kwamba taarifa za kampuni yake ni siri ya familia. Angetaka siri angebaki na duka lake bila ukomo wa dhima, na hakuna ambaye angemuuliza idadi ya hisa.

Tanganyika ilipata sheria yake ya kampuni mwaka 1932, kwa mfano wa ile ya Uingereza ya 1929. Sheria hiyo ya kikoloni ilitutawala mpaka tarehe 1 Machi 2006, siku ilipoanza kutumika Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002. Ndiyo, mmesikia sawasawa: ilipitishwa 2002, ikaanza kazi 2006. Hata sheria yenyewe ya kampuni ilikaa muda mrefu kati ya kikao na utekelezaji. Kwa upande wa ofisi, BRELA ilianzishwa mwaka 1999 kama wakala wa serikali, na tangu 2018 maombi yanapita kwenye mfumo wa mtandaoni wa ORS. Wazee wa fani hii watakumbuka safari za basi kutoka hapa hadi Dar es Salaam, mpaka jengo la Ushirika, Mtaa wa Lumumba, na majalada yaliyofungwa kwa kamba. Safari zile zimekwisha. Tabia ya kuahirisha haijaisha.

HOJA YA PILI: Si kila badiliko huanza siku moja

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, hata wasomi. Mtu akiuliza, "Badiliko hili limeanza lini kufanya kazi?", hakuna jibu moja. Inategemea kilichobadilishwa.

Tuanze na jina. Kampuni hubadili jina kwa azimio maalumu, yaani taarifa ya mkutano isiyopungua siku 21 na kura zisizopungua robo tatu za wanaopiga kura, pamoja na kibali cha Msajili. Lakini azimio peke yake halimpi mtu jina jipya. Jina jipya huanza Msajili anapotoa cheti cha kubadili jina. Kabla ya cheti hicho, mkataba uliosainiwa kwa jina jipya umesainiwa kwa jina la kampuni ambayo haipo kwenye daftari. Nimeona watu wakichapisha bahasha, mihuri na mabango ya barabarani siku ileile ya mkutano. Shangwe naielewa. Muhuri ungesubiri.

Jambo la pili kuhusu jina: kampuni haizaliwi upya kwa kubadili jina. Haki zake zinabaki, madeni yake yanabaki, na kesi iliyofunguliwa dhidi yake kwa jina la zamani inaendelea. Mnaikumbuka kampuni ya simu iliyokuwa Celtel, mwaka 2008 ikawa Zain, na mwaka 2010 ikawa Airtel. Aliyekuwa na deni Celtel hakusamehewa Zain ilipokuja. Hapa msije mkachanganya jina la kampuni na jina la kibiashara. Kwa miaka mingi nchi nzima ilisema Tigo, lakini aliyesoma mkataba wake kwa makini aliona kwamba upande wa pili ulikuwa MIC Tanzania. Jina lililoko kwenye bango hubadilishwa na watu wa masoko. Lililoko kwenye cheti hubadilishwa kwa azimio na Msajili, na mwenye kesi anashtaki lililoko kwenye cheti.

Wakurugenzi ni habari tofauti kabisa. Mkurugenzi aliyeteuliwa kihalali na mkutano ni mkurugenzi tangu siku ya uteuzi, na aliyejiuzulu ameondoka tangu kujiuzulu kwake kulipoanza. Masjala hapa inapewa taarifa tu, ndani ya siku 14. Je, ina maana taarifa hiyo si muhimu? Hasha. Ukienda benki, ofisa anayekuhudumia hakuwepo kikaoni. Anaangalia taarifa rasmi zilizotoka kwa Msajili. Akiliona jina la mkurugenzi aliyeondoka, huyo ndiye mkurugenzi kwake. Kule Kenya hati hiyo inajulikana kwa namba ya fomu yake, CR12, na mwenye zabuni yeyote Nairobi atakwambia kwamba CR12 ya zamani ni sawa na kutokuwa nayo. Huku kwetu mfumo wa ununuzi wa umma, NeST, nao unategemea taarifa za BRELA, kwa hiyo aliyesahau kuhuisha atakumbuka siku ya mwisho ya zabuni, saa za mwisho, mtandao ukiwa mzito.

Mahakama za Uingereza zililigusa jambo hili mapema mno. Mwaka 1856, katika kesi ya Royal British Bank na Turquand, wakurugenzi wa kampuni moja walikuwa wameikopea kampuni paundi 2,000 kutoka benki. Katiba iliwaruhusu kukopa kwa azimio la wanahisa, na ikadaiwa kwamba azimio la namna hiyo halikupitishwa. Mahakama ikasema: benki ilikuwa na haki ya kusoma waraka ulioko masjala na kuona kwamba mkopo unawezekana. Haikuwa na wajibu wa kupekua mihtasari ya vikao vya ndani. Kampuni ikalipa. Mnaona mzigo ulipoangukia? Uliangukia kwa walioacha mambo ya ndani yatofautiane na sura ya nje.

Hisa nazo zina siku yao. Juma akimuuzia Rehema hisa zake, wakaandikishana kwa wakili na fedha ikapita, kati yao wawili biashara imekwisha. Lakini mbele ya kampuni Rehema hajawa mwanahisa mpaka jina lake liingie kwenye daftari la wanahisa. Na kabla Msajili hajapokea badiliko hilo kuna mlango wa mamlaka ya mapato, TRA, yaani kodi ya faida itokanayo na kuuza hisa na ushuru wa stempu. Wengi hukwama mlangoni hapo. Wanauza hisa kimyakimya, wanaacha jina la muuzaji masjala, na kuambizana kwamba watakwenda kuhuisha mambo yakitulia. Miaka inapita, muuzaji anafariki dunia au anagombana na mnunuzi, na daftari la serikali bado linamtaja yeye. Hapo mnunuzi ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha.

Mabadiliko ya kanuni za ndani huanza azimio maalumu linapopita, na nakala ya azimio hupelekwa kwa Msajili. Hapa nina nasaha moja ya kiofisi. Sheria inataka kila nakala ya katiba inayotolewa baada ya badiliko iwe na badiliko hilo ndani yake. Katika ofisi nyingi utakuta katiba ya miaka ya themanini, nyuma yake pini tatu zimeshikilia maazimio matano, mengine yanapingana, na hakuna ajuaye lipi lilifuta lipi. Pitisheni azimio moja la kupokea katiba mpya nzima, iliyosafishwa, isajiliwe hiyo. Gharama yake ni ndogo kuliko ada ya wakili wa kuwatafsiria vipande.

Kuna pia badiliko la aina ya kampuni. Kampuni binafsi kwa sheria yetu huzuia uhamishaji wa hisa, haizidishi wanachama 50, na hairuhusiwi kuuita umma ununue hisa zake. Sheria ya Fedha ya mwaka 2016 ilipozitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa zao kwa umma kupitia soko la hisa, hazingeweza kufanya hivyo zikiwa na katiba ya kampuni binafsi. Kazi ya wanasheria ilitangulia kazi ya madalali wa hisa. Vodacom Tanzania iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam Agosti 2017, ikiwa tayari ni kampuni ya umma. Mlioshika hisa zile mmekuwa mkifuatilia bei yake. Nadhani wachache sana mliwahi kuisoma katiba.

HOJA YA TATU: Madhumuni marefu ni kumbukumbu ya hofu ya zamani

Kuna mwanafunzi aliwahi kuniuliza kwa nini katiba ya kampuni ya kuuza saruji inasema kwamba kampuni inaweza kufuga samaki, kuendesha hoteli, kuchimba dhahabu na kukodisha ndege. Jibu liko kwenye kesi ya mwaka 1875, Ashbury na Riche. Kampuni ya Ashbury iliundwa kutengeneza na kuuza mabehewa ya reli. Ikaingia mkataba wa kugharimia ujenzi wa reli yenyewe huko Ubelgiji. Mambo yalipoharibika, wakuu wa sheria katika Bunge la Mabwana walisema mkataba ule ulikuwa batili tangu mwanzo, kwa kuwa kujenga reli hakukuwemo katika madhumuni, na hata wanahisa wote wangekubaliana kuuhalalisha wasingeweza. Baada ya hapo kila wakili aliyeandika katiba aliandika kila kitu alichoweza kukifikiria. Hofu ile ilisafiri kwa meli ikafika kwetu.

Sheria za leo zimelegeza kamba, na anayeshughulika na kampuni kwa nia njema hatupwi nje kirahisi kama zamani. Lakini madhumuni hayajafa. Kwenye ORS unachagua shughuli zako kutoka orodha ya kimataifa ya Umoja wa Mataifa inayoitwa ISIC, na mamlaka za leseni huziangalia. Kampuni iliyosajiliwa kwa usafirishaji ikitaka kuanza kusindika alizeti, ni vyema shughuli hiyo iingizwe kwanza. Kwenye hoja hii sina zaidi.

HOJA YA NNE: Wingi wa kura una mpaka, lakini mpaka huo uko mbali kuliko mnavyodhani

Mwenye hisa chache akiniuliza, "Je, wanaweza kubadili katiba bila ridhaa yangu?", namjibu: wakiwa na robo tatu, ndiyo, mara nyingi. Kikomo kilichowekwa na mahakama ni kwamba badiliko lifanywe kwa nia njema na kwa manufaa ya kampuni nzima. Maneno hayo yanapendeza masikioni. Sikilizeni basi kesi yenyewe yalikotoka, ya mwaka 1900, ya kampuni ya Gold Reefs of West Africa. Mwanahisa mmoja alifariki akidaiwa na kampuni malipo ya baadhi ya hisa zake. Alikuwa pia na hisa nyingine alizokwisha kuzilipia zote, na kwa katiba ya wakati ule kampuni haikuwa na haki ya kuzishikilia hizo. Wenzake wakaibadilisha katiba, wakaipa kampuni haki hiyo. Kwa hali ilivyokuwa, mtu pekee aliyeguswa na badiliko lile alikuwa marehemu. Mahakama ya Rufani ikasema badiliko ni halali.

Mnashtuka? Mimi nilishtuka nilipoisoma mara ya kwanza, na bado naona hukumu ile ni kali kwa wafiwa. Lakini inafundisha jambo. Mwanahisa mdogo asijifariji kwamba haki itamlinda baadaye. Kinga yake ya kweli ni kwenye katiba yenyewe, siku inapoandikwa: aina maalumu za hisa, haki ya kununua kwanza kabla mgeni hajauziwa, na mambo yasiyobadilishwa bila kura ya kundi lake. Na akiipata kinga hiyo ahakikishe imesajiliwa, isiishie kwenye karatasi waliyosaini sebuleni. Kinga moja anayo hata asipoiandika: katika sheria za mkondo huu, katiba haiwezi kubadilishwa ili kumlazimisha mwanachama anunue hisa zaidi au aongeze fedha asizoridhia kwa maandishi.

HOJA YA TANO: Masjala nayo hukosea, na herufi moja yaweza kuua

Tumekuwa tukimsema mfanyabiashara. Tumgeukie sasa mwandishi wa daftari.

Mwaka 2009 huko Wales kulikuwa na kampuni ya uhandisi mjini Cardiff, Taylor & Sons Ltd, kongwe na yenye wafanyakazi zaidi ya 200. Mahakama ilikuwa imetoa amri ya ufilisi dhidi ya kampuni nyingine tofauti kabisa iliyoitwa Taylor & Son Ltd. Herufi "s" moja tu. Masjala ya makampuni ya Uingereza ikaiandika amri ile kwenye jina la kampuni ya Cardiff. Kosa lilirekebishwa baada ya siku chache, lakini habari ilikuwa imeshauzwa kwa wakala wa taarifa za mikopo, wasambazaji wakaingiwa na hofu, mikopo ikakauka. Kampuni ikaanguka mwaka uleule. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua kwamba masjala ilikuwa na wajibu wa kuwa makini na iliuvunja.

Nawaletea mfano huo wa mbali kwa sababu herufi zetu zina tabu zaidi. Mtu mmoja ni Mohamed kwenye kitambulisho cha taifa, Muhammad kwenye hati ya kusafiria, na Mohammedi kwenye katiba ya kampuni iliyochapwa kwa taipureta mwaka 1991. Mfumo wa mtandaoni unasoma namba ya NIDA, nayo inaleta jina moja tu. Kampuni zilizosajiliwa kabla ya ORS zilitakiwa kuhuisha taarifa zake ili ziingie kwenye mfumo, na hapo ndipo wengi waligundua kwamba daftari lina mtu ambaye hawawezi kuthibitisha kuwa ni wao. Dawa yake ni kiapo mbele ya kamishna wa viapo, au hati ya kubadili jina, na subira. Lakini dawa hiyo ina nguvu mhusika akiwa hai na yupo. Fungueni majalada yenu mwezi huu, mlinganishe kila jina na kila kitambulisho, herufi kwa herufi. Ndugu wahasibu, hili ni lenu.

Hapo pameongezeka daftari jingine, la wamiliki manufaa. Mabadiliko ya Sheria ya Fedha ya mwaka 2020, na kanuni zilizofuata mwaka 2021, yanaitaka kampuni imtaje binadamu anayefaidika au anayeidhibiti hasa, hata kama hisa zimeandikwa kwa jina la mtu mwingine au la kampuni nyingine. Kenya nayo imepita njia hiyohiyo. Kuna wanaonung'unika. Mimi naliona jambo hili kuwa mwendelezo wa hoja yangu ya kwanza: bei ya kinga imepanda, kwa sababu walikuwepo walioichukua kinga bila kulipa. Ila naiambia masjala pia, kama ina masikio humu ndani: ukidai taarifa nyeti zaidi, umejitwisha wajibu wa kuziandika sawasawa na kuzilinda.

HOJA YA SITA: Kifo hakingoji fomu

Hoja hii ndiyo iliyonifanya nikubali mwaliko.

Kampuni nyingi za nchi hii ni za familia. Baba na mama, au ndugu wawili. Tuseme hisa ni mia moja: kaka mkubwa sitini, mdogo wake arobaini, na wote wawili ndio wakurugenzi. Kaka anafariki. Kampuni haikufa. Hilo ndilo zuri la kampuni. Lakini nani anatia sahihi? Mdogo amebaki mkurugenzi peke yake, wakati katiba yao inasema akidi ya kikao cha bodi ni wawili. Wa kumteua mkurugenzi mwingine ni mkutano wa wanahisa, na asilimia sitini ya kura imelala na marehemu. Hisa zake zitaingia mikononi mwa msimamizi wa mirathi, lakini msimamizi huyo lazima kwanza ateuliwe na mahakama, na kabla ya mahakama kuna kikao cha ukoo, na kwenye kikao cha ukoo kuna wajane wawili na shangazi. Wakati huo mishahara inangoja, na mkopo wa benki unahesabu riba usiku na mchana.

Msinielewe vibaya, silaumu ukoo. Naulaumu uandishi wa katiba. Katiba nyingi tunazozisajili zimenakiliwa kutoka kielelezo cha mtu mwingine, na kielelezo hicho hakikuifikiria familia hii. Ingewezekana kabisa kuandika kwamba akibaki mkurugenzi mmoja, ana mamlaka ya kumteua mwenzake wa muda na kulipa madeni ya lazima. Ingewezekana kuandika namna ya kuthamini hisa za marehemu ili ndugu aliyebaki awe na haki ya kuzinunua kwa bei ya haki, na wajane wapate fedha badala ya ugomvi. Ingewezekana kuongeza mtoto mtu mzima kwenye bodi wakati mzee bado ana nguvu. Kila moja ya hayo ni azimio na fomu. Huhitaji kusafiri, na malipo ni kontroo namba kwenye simu yako.

Kwa nini hatufanyi? Nadhani ni kwa sababu kuzungumzia kifo cha mwenye mali kunaonekana kama kumtakia. Mtoto akileta rasimu ya katiba mpya mezani, wajomba watamwangalia kwa jicho lingine. Basi mwachieni wakili au mhasibu aianzishe kama utaratibu wa ofisi: kila mwaka, taarifa ya mwaka inapopelekwa kwa Msajili, katiba nayo isomwe kikaoni na liulizwe swali moja, "Mmoja wetu akikosekana kesho, karatasi hii inatuvusha?" Likiwa swali la kila mwaka halitakuwa tena la uchuro.

Na kwa wale wanaoacha kabisa, wasiopeleka taarifa ya mwaka wala badiliko lolote: Msajili ana mamlaka ya kuifuta kampuni kwenye daftari akiona haifanyi kazi. Kuirudisha kunawezekana, lakini kabla haijarudi kuna kiwanja chenye hati ya jina la kampuni ambayo haipo. Mawakili vijana, hiyo ni kazi yenu ya miaka ijayo. Mtakula vizuri.

YALIYO MBELE YETU

Ndugu Mwenyekiti, naona umenionyesha kidole kimoja. Nitataja mawili tu ambayo ningependa kuyaona.

La kwanza: badiliko moja, taarifa moja. Leo mkurugenzi akibadilika, kampuni inakwenda kwa Msajili, kisha TRA, kisha mamlaka ya leseni, kisha benki, na kila mmoja anataka karatasi yake yenye tarehe mpya. Namba ya NIDA ni ileile, namba ya mlipakodi ni ileile. Mifumo hii imeanza kusomana. Isomane mpaka mwisho, ili badiliko lililopokelewa masjala liwe limewafikia wengine siku hiyohiyo, na kampuni itakiwe kuthibitisha tu.

La pili linahusu lugha. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Bado katiba za kampuni zetu nyingi zimeandikwa Kiingereza cha karne ya kumi na tisa, na wanahisa wanatia sahihi ukurasa wa mwisho tu. Sheria za kampuni za mkondo wa Kiingereza zimezoea kuwa na kanuni za mfano, maarufu kwa jina la Jedwali A, ambazo mtu anaweza kuzipokea zilivyo au kuzirekebisha. Napendekeza Jedwali A la Kiswahili, lenye vifungu vya kampuni ya familia nilivyovitaja: akidi mmoja akifariki, thamani ya hisa za marehemu, haki ya ndugu kununua kwanza. Walimu wa sheria mliopo, mawakili, na ninyi wa Kiswahili niliowaona mmeketi pamoja kule kushoto, rasimu ya kwanza haihitaji kibali cha mtu. Inahitaji meza na Jumamosi kadhaa. Mimi nitaleta vifungu vya mirathi nilivyokwisha kuanza kuviandika. Anayetaka kuungana nami abaki baada ya maswali, aandike jina lake kwenye daftari lililoko pale mlangoni.